Kabla ya kununua mfumo wa wafadhili, soma daftari la mhazina

Shirika lenye wafadhili watano halihitaji kanzidata ya wafadhili, yaani programu ya kompyuta ya kutunza majina, ahadi na michango yao. Wafadhili watano wanaenea kichwani mwa mkurugenzi, na kama ofisi ina katibu makini wanaenea kwenye mafaili matano kabatini, kila faili na mkataba wake, tarehe zake za ripoti na barua za kuombana radhi ripoti zilipochelewa. Nasema hivi kwa sababu kazi yangu ni kumbukumbu na hesabu za asasi hapa Mwanza, na mara nyingi nikiitwa "kushauri kuhusu mfumo" nakuta majina ya programu yameshaandikwa ubaoni, bei zimeshaulizwa, lakini hakuna aliyesema mfumo wenyewe utamtunza nani.

Mwaka 2025 ulitulazimisha kujibu. Januari 20 Rais Donald Trump alisaini agizo la kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje, na ilipofika Julai 1 shughuli za USAID zilizosalia zikawa zimehamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Kanda ya Ziwa tuliliona mapema. Hata asasi ambayo haikuwahi kusaini mkataba na Wamarekani ilikuwa inapata fedha zao kupitia shirika kubwa lililosaini, na shirika kubwa likipunguza watu, asasi ndogo inapunguza kila kitu. Ndipo kwenye vikao vya bodi likaanza kutajwa kundi ambalo zamani lilitajwa dakika ya mwisho, wakati soda zinafunguliwa: wachangiaji wa hapahapa. Na hao ndio wanaohitaji kanzidata, maana hawako watano. Wako mamia, wakipata moyo ni maelfu, na kila mmoja anatoa kidogo, kwa wakati wake, kwa njia yake.

Nitoe mfano wa shirika moja ninalolisaidia. Ni dogo. Kazi yake ni nauli na malazi kwa wagonjwa wa visiwani wanaokuja kutibiwa Bugando: wa Ukerewe, wa Ukara, wa Kome, wa Maisome. Wanaolichangia ni familia za waliowahi kusaidiwa, wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, jumuiya za makanisani, walimu, na wazaliwa wa visiwa walioko Dar es Salaam ambao kila mwaka huamka na kuuliza nyumbani kuna shida gani. Mhazina ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, na kumbukumbu zote za michango ziko kwenye kaunta buku lake.

Kaunta buku hilo ndilo lililonifundisha jinsi ya kuchagua programu. Lina safu za kawaida: jina, anakotoka, ahadi, alichotoa, kilichobaki. Halafu iko safu ya mwisho isiyo na kichwa. Humo mama ameandika mambo kama haya: "amefiwa, asikumbushwe kwanza", "hutoa kupitia simu ya mdogo wake", "saruji mifuko 10, ameleta 6", "asitajwe jina mbele za watu", "atatoa akiuza pamba". Nilipomwamkia na kumuuliza kompyuta imsaidie nini, hakuzungumzia ripoti wala michoro ya rangi. Alisema, "Mwanangu, mimi nataka inionyeshe nimpigie nani leo, na nani nisimpigie."

Nimesoma nyaraka nyingi za mahitaji ya mfumo, za kurasa na kurasa, zilizoandikwa na wataalamu waliolipwa vizuri. Sijaona iliyoshinda sentensi hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hawakusema daftari likiwa la kompyuta liwe na safu zipi.

Programu nyingi za wafadhili zilizaliwa Marekani, na zinamjua mtoaji wa Marekani. Huyo ana anwani ya posta, ana hundi au kadi ya benki, na Desemba anawaza kodi. Sheria yao ya kodi inamtaka aliyetoa dola 250 au zaidi kwa mara moja awe na barua ya uthibitisho kutoka kwa shirika ndipo adai punguzo, kwa hiyo programu zao ni mafundi wa kutengeneza barua za mwisho wa mwaka. Ukiangalia maonyesho ya muuzaji, dakika nyingi zitaishia hapo: barua inavyopendeza, nembo inavyokaa. Mfanyabiashara wa Mwaloni haitaki barua hiyo. Anataka meseji ya "tumepokea" kabla simu haijarudi mfukoni, na anataka siku ya kikao jina lake lisomwe na kiasi chake, kisipungue hata shilingi.

Kisha kuna ahadi. Sisi huahidi kwanza, tukatoa baadaye. Kila aliyekaa kwenye kamati ya harusi anajua orodha ile ya WhatsApp inavyokwenda: fulani ahadi laki moja, amepunguza elfu arobaini, fulani amemaliza, na pembeni alama ya vema. Kwenye harambee mshereheshaji husoma mafungu mawili, taslimu na ahadi, na mhazina mzoefu anajua ni fungu lipi la kulipigia makofi kwa tahadhari. Kwa hiyo programu isiyotenganisha ahadi na fedha iliyoingia haitufai, hata kama ni ya bure. Nyingi zinatenganisha, tena vizuri. CiviCRM, kwa mfano, ina sehemu nzima ya ahadi, yenye awamu na vikumbusho. Ila programu hutaka kujua awamu ni ngapi na ni kila baada ya muda gani. "Nikiuza pamba" haiko kwenye orodha ya kuchagua.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea bila kujua.

Programu ikisema mchango wa kila mwezi, inamaanisha tarehe. Tarehe 1, tarehe 15, tarehe 28. Mtumishi wa serikali ataingia humo bila shida, mradi kikumbusho kimfikie mshahara ukiwa umetoka na haujaanza kugawanywa. Mkulima wa Kwimba au Magu fedha yake inakuja msimu wa pamba ukifunguliwa, kuanzia Mei na kuendelea, na kabla ya hapo kumkumbusha ni kumdhalilisha tu. Mvuvi wa dagaa naye ana mwezi, lakini ni ule wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huvuta dagaa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa, na kambini fedha inakuwa ngumu kwa siku kadhaa hadi giza lirudi. Kikumbusho cha tarehe 1 kitamkuta mara ana fedha, mara hana, na mwisho wa mwaka ripoti ya programu itasema mtu huyu "si mwaminifu katika kutoa". Si kweli. Ni mwaminifu kwa kalenda nyingine. Nilipomweleza hivi msimamizi wa mauzo wa kampuni moja kwenye simu ya video, aliniuliza kwa upole kama wavuvi hawawezi kuunganisha kadi ya benki ikatwe yenyewe. Nikamshukuru kwa muda wake.

Majina nayo. Programu inataka jina la kwanza na jina la ukoo. Sisi tuna letu, la baba na la babu, na mtaani mtu ni Mama Fulani. Mhazina anamjua Mama Kulwa. Risiti ya simu inaleta jina la kitambulisho cha taifa, cha NIDA, ambalo hata majirani zake hawajawahi kulisikia. Mahali pa kuandika "anajulikana kama" ni pa lazima, na utafutaji upaone hapo, usiishie kwenye jina rasmi.

Na kwa kuwa nimemtaja Kulwa: kila programu inayojiheshimu ina kipengele cha kutafuta watu waliojirudia, inalinganisha jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, simu, mtaa, halafu inapendekeza wawili wawe mmoja. Ilete Usukumani uone. Kulwa na Dotto ni mapacha. Jina la baba moja, tarehe ya kuzaliwa moja, mji mmoja, na kama bado wako kwa wazazi, simu moja. Programu itashangilia kwamba imekupunguzia kazi, kumbe imemmeza Dotto na michango yake. Anayewafuata mapacha huitwa Shija, naye ataponea tarehe ya kuzaliwa tu. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni kama kuunganisha huko kunasubiri ruhusa ya mtu au kunafanyika kwenyewe, na kama kunaweza kutenguliwa.

Mpangilio wa kaya unahitaji uangalifu kama huo. Ule mfumo wa siku nyingi wa kampuni ya Salesforce ya Marekani kwa mashirika, Nonprofit Success Pack, kwa mpangilio wake wa kawaida humfungulia kila mtu unayemwingiza kaya yenye jina lake la ukoo. Kwa Wamarekani ina mantiki, maana hutuma barua moja kwa mume na mke. Kwetu mume anachanga kwenye kikundi cha bodaboda, mke anachanga jumuiya, na hakuna kati yao anayetaka mwenzake ajue kiasi. Hilo usilicheke. Mama mhazina ana zaidi ya mstari mmoja wenye maneno "asiambiwe mzee".

Kitu kinachomtambulisha mchangiaji wetu kuliko jina ni namba ya simu. Fedha inakuja kwa M-Pesa, kwa Airtel Money, kwa Mixx by Yas ambayo wengi bado wanaiita Tigo Pesa, kwa HaloPesa. Na taarifa ya miamala unayoipakua ina namba, jina, kiasi, saa na kumbukumbu namba ya muamala. Ukiwa na kanzidata inayopokea faili hilo na kulinganisha kwa namba ya simu, kazi ya wiki inakuwa ya asubuhi moja. Ukiwa na kanzidata inayolinganisha kwa barua pepe, ambayo ndiyo desturi ya programu nyingi za nje, utalia, kwa sababu wachangiaji wengi wa visiwani hawana barua pepe, na wenye nayo wamesahau nywila.

Namba za simu ndizo pia zinazoonyesha mwisho wa Excel. Mimi siidharau Excel. Kwa shirika lenye wachangiaji chini ya mia mbili, mhasibu mmoja makini, na nidhamu ya kuhifadhi nakala, Excel inatosha, na anayewaambia vinginevyo huenda ana kitu anauza. Lakini andika 0754 na tarakimu zinazofuata kwenye kisanduku ambacho hakijapangwa kuwa maandishi, sifuri ya mbele inatoweka. Andika namba hiyohiyo kwa 255 mbele, zikawa tarakimu 12, itakuonyesha 2.55754E+11, na asiyejua atadhani kirusi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Zinazobaki inazigeuza sifuri, na ukishahifadhi hazirudi. (Namba ya NIDA ya mchangiaji haina kazi kwenye kanzidata yenu. Tarakimu zake nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa ya mtu. Acheni kuikusanya.)

Kinachoimaliza Excel kabisa si namba, ni watu wawili. Siku mhasibu ana faili lake, katibu ana lake, na mkurugenzi ana lililoandikwa "mpya ya mwisho kabisa", hapo ndipo mtu mmoja anapigiwa mara mbili kwa ahadi aliyokwisha kuimaliza. Mchangiaji aliyekumbushwa deni alilolilipa harudi, na huko Kirumba atawaambia na wenzake.

Sasa bei. Kuna programu nyingi za mtandaoni zinazolipiwa kila mwezi, na baadhi yao hutoza kwa idadi ya watu unaowatunza. Fikiria hesabu hiyo kwa mazingira yetu. Tuseme mna watu 3,000, kila mmoja anatoa shilingi 2,000 kwa mwaka: ni milioni 6. Tuseme programu ni dola 100 kwa mwezi, yaani dola 1,200 kwa mwaka. Kwa makadirio ya shilingi 2,500 kwa dola, ni milioni 3. Nusu ya michango imelipia orodha ya waliochanga. Hakuna aliyewaibia, bei hiyo ilipangwa na mtu anayemfikiria mtoaji wa dola 50. Lakini mkutano mkuu mtauambia nini?

Salesforce hutoa leseni 10 za bure kwa mashirika yanayokubaliwa kwenye mpango wake, na leseni 10 kwa asasi ya watu sita ni nyingi. Hapo ndipo watu wanaposema basi tumemaliza. Leseni ni bure. Kuupanga mfumo si bure. Ni programu kubwa, iliyojengwa kwanza kwa kampuni za mauzo, na ili imkae mama mhazina lazima mtaalamu aikate na kuishona upya. Kuna na milango ya kwenda bila kurudi: ukiwasha matumizi ya sarafu zaidi ya moja, huwezi kuyazima tena. Shirika linalopokea shilingi na dola linapaswa kulijadili hilo siku ya kwanza, si baada ya mwaka. Kwa shirika lenye matawi mikoani na mtu wa mifumo aliyeajiriwa, ningeiangalia kwa makini. Kwa asasi ya vyumba viwili Mabatini, hapana.

CiviCRM iko upande mwingine. Ni programu huria, ilianza mwaka 2005 kwa ajili ya mashirika kama yetu, na inakaa juu ya tovuti ya WordPress, Drupal, Joomla au Backdrop. Hakuna leseni ya kulipia, iwe mna watu 300 au 30,000. Mnalipia seva, na mnalipia mtu. Huyo mtu ndiye bei yenyewe. Kila mji una kijana mmoja hodari wa kompyuta anayehudumia asasi nane kwa moyo safi, halafu siku moja anapata kazi Dodoma. Amehama na nywila, hakuna aliyejua seva inalipiwa wapi, programu haijasasishwa, na asasi nane zinatafutana. Kwa hiyo nikisikia "tuchukue ya bure", swali langu la kwanza ni nani wa pili anayejua kuisasisha. Kama hayupo, afadhali mlipe kampuni inayoikodisha ikiwa tayari kwenye seva yake.

Kuna na wale wanaotaka mfumo mmoja ufanye yote: wafadhili, wagonjwa, mishahara, stoo. Hapana jamani. KoboToolbox ni nzuri kwa madodoso ya wanufaika, acheni ifanye hiyo. Programu ya uhasibu ifunge vitabu. Kanzidata ya wachangiaji ijue watu na ahadi zao, na mwisho wa mwezi jumla yake ilingane na ya mhasibu. Kuchanganya orodha ya wanaotoa na orodha ya wanaosaidiwa ni hatari hasa kwa shirika kama hili, kwa sababu aliyesaidiwa jana huja kuwa mchangiaji kesho, na si kila anayefungua orodha ya michango anapaswa kujua nani aliugua nini.

Hili linanileta kwenye sheria, ambayo wengi wanaipita haraka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kusajiliwa na Tume. Sheria inaweka masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi, na seva ya programu nyingi za mtandaoni iko nje ya nchi. Miamala ya fedha ya mtu imo kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na taarifa za watoto. Imani ya dini na afya nazo zinaingia humo. Sasa rudi kwenye safu ile isiyo na kichwa, usome "hutoa kupitia jumuiya ya Mtakatifu fulani" na "mwanaye alilazwa". Kwenye daftari lililofungiwa sandukuni ni kumbukumbu ya mama. Kwenye mtandao ni taarifa nyeti zilizovuka mpaka. Uwezo wa kuamua nani aone safu ipi usiwe ziada ya kulipia baadaye.

Na kampuni kubwa hazina kinga. Blackbaud ya Marekani, mwenye programu ya Raiser's Edge, ni miongoni mwa majina ya zamani kabisa katika kazi hii. Mwaka 2020 wahalifu wa mtandaoni waliingia kwenye mifumo yake, wakachukua taarifa za mashirika zaidi ya 13,000, vyuo na hospitali zikiwemo, na kampuni ikawalipa wahalifu hao fedha walizodai. Mwanzoni ilisema namba za akaunti za benki hazikuguswa, baadaye ikakiri kwamba kwa baadhi ya wateja ziliguswa. Mwaka 2023 ilikubali kulipa dola milioni 3 kwa mamlaka ya masoko ya hisa na dola milioni 49.5 kwa majimbo. Kinachonikaa mimi zaidi ni jambo lililotoka kwenye malalamiko ya mamlaka ya biashara ya huko mwaka 2024: kampuni ilikuwa bado inatunza, miaka na miaka, taarifa za wateja walioshaondoka. Yaani shirika lilihama, wachangiaji wake wakabaki. Ndiyo maana kwenye mkataba natafuta kwanza ukurasa wa kuondoka. Mkiondoka mtapewa data yote? Kwa faili gani, pamoja na ahadi na maelezo, au majina tu? Itafutwa lini huko kwao, na nani atathibitisha? Muuzaji mzuri hajibu haya kwa kukunja uso.

Mtandao wenyewe hatuwezi kuuruka. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Hilo ni kubwa na la nadra. Dogo la kila wiki ni umeme, na bando linaloisha mhazina akiwa Nansio kwenye kikao. Sijapata programu ya wafadhili inayofanya kazi vizuri bila mtandao kabisa, na nimeacha kuitafuta, kwa sababu jibu lipo na ni la bei ya dukani: kaunta buku liendelee. Kikaoni wanaandika kwa kalamu, risiti inatoka kwenye kitabu chenye namba, na uingizaji unafanyika ofisini Ijumaa. Programu iwe na ukurasa wa kuingiza wengi kwa mpigo, mistari ishirini kwenye kioo kimoja, si kufungua kurasa tano kwa kila jina. Kipengele hicho hakipewi sifa kwenye matangazo, lakini ndicho kinachoamua kama Ijumaa itafika saa tisa au saa moja usiku.

Kwa hiyo njia yangu ya kuchagua imekuwa fupi. Napiga chapa ukurasa mmoja wa daftari, majina yakiwa yamebadilishwa, halafu namwomba muuzaji auingize mwenyewe mbele yetu, bila kutumia data yake ya maonyesho. Mmoja alianza kwa kasi nzuri hadi alipofika kwenye saruji. Mifuko kumi, ameleta sita. Akauliza thamani yake kwa dola. Mama mhazina akamwambia, "Baba, wewe andika saruji." Programu ilikuwa haina pa kuandika saruji. Nyingine ilikuwa na mahali pa michango ya vitu lakini haikukubali vitu viwe ahadi. Ukurasa mmoja tu uliipunguza orodha yetu kuliko majedwali yote ya kulinganisha niliyowahi kuchora.

Shirika lilichukua CiviCRM, kwa sababu tovuti yao ilikuwa tayari ni ya WordPress na kwa sababu kulikuwa na watu wawili wa kuitunza, mmoja yuko chuo kikuu cha SAUT, mmoja ni mjumbe wa bodi. Tumewasha mambo matatu tu: watu, michango, ahadi. Vikumbusho vya tarehe tumevizima. Wachangiaji wamewekwa kwenye makundi ya mshahara, pamba, giza na wengine, na dada anayeingiza data hutoa orodha ya kundi husika wakati wake ukifika, akampa mama apige simu. Liko na kundi la wasiopigiwa, ambalo mama hulipitia kwanza. Meseji za "tumepokea" bado zinatumwa kwa mkono, na bei za kampuni za meseji za jumla tunaendelea kuzijadili.

Kisichokwisha ni saruji. Tumetengeneza aina yake ya mchango, yenye idadi na thamani, na mhasibu anataka thamani iwe bei ya siku mifuko ilipofika, kwa sababu ndivyo mkaguzi atakavyouliza. Mama anataka bei ya siku ya ahadi, maana mtu aliahidi mifuko kumi ikiwa bei chini, ameleta bei imepanda, na haipendezi aonekane ametoa zaidi ya jirani yake aliyeleta mapema. Wote wawili wana hoja. Kwa sasa mfumo una visanduku viwili, kila mmoja anajaza chake, na jedwali la kusomwa mkutano mkuu linaonyesha idadi ya mifuko peke yake.